Somo: Fedha za Chama na Ujumbe wa Simu

Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na wezi nao wakaifuata. Hutawanya ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii," wakijua kwamba miongoni mwa wengi yupo anayedaiwa kweli. Kwa hiyo katibu asilipe kwa ujumbe tu. Kwanza ampigie mdai kwa namba iliyomo katika daftari la chama, si ile iliyoletwa. Namba ya siri asitajiwe yeyote, hata ajiitaye mtumishi wa kampuni ya simu. Ujumbe wa kitapeli upelekwe Mamlaka ya Mawasiliano, namba 15040. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali la kujadili mkutanoni: Je, daftari letu lina namba za wadai wote, na nani alizithibitisha?