Estrojeni Ikishafanya Kazi, Maabara Huisaka Wapi?

Ini ndilo linalovunja estrojeni. Homoni ikishafanya kazi yake, damu huipeleka huko, nalo ini huibadilisha hatua kwa hatua, kisha huifungasha na sukari au salfati ili iyeyuke kwenye maji na kutoka kwa mkojo au nyongo. Mabaki hayo yaliyobadilishwa ndiyo metaboliti. Mkojo ni kisima cha zamani katika habari hii: mwaka 1929 Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, waliipata estroni, aina moja ya estrojeni, katika mkojo wa wajawazito.

Shida kubwa ya kupima estrojeni ni uchache wa kinachotafutwa. Mwanamke aliyekoma hedhi mara nyingi huwa na estradioli, aina nyingine ya estrojeni, isiyofika pikogramu 20 katika mililita moja ya damu. Chukua kijiko cha chai cha sukari, gramu 4, ukikoroge katika maboza 20,000 ya maji, kila boza lita 10,000. Utamu utakaobaki humo ndio kiasi anachosaka mtu wa maabara.

Hospitali nyingi husaka kwa kingamwili, yaani protini inayoinasa homoni. Njia hii ilitokana na kazi ya Rosalyn Yalow na Solomon Berson, nayo ikampa Yalow Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Ni ya haraka, haina gharama kubwa, na kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi kwa kawaida inatosha. Lakini kingamwili huweza kumkamata ndugu ikidhani imemkamata mwenyewe. Mgonjwa wa saratani ya matiti anayechomwa sindano ya fulvestrant anaweza kusomewa estradioli nyingi asiyo nayo, kwa kuwa dawa hiyo inafanana na homoni. Vidonge vya biotini vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha navyo hupotosha baadhi ya mashine. Mwambie anayekutoa damu kila unachomeza, hata kama daktari hakukuandikia.

Pale kiasi kinapokuwa kidogo mno, kama kwa mtoto, mwanamume au aliyekoma hedhi, ni afadhali spektrometa ya masi, ambayo hupima uzito wa molekuli zenyewe. Kwa metaboliti ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha namna ya kupima estrojeni 15 kwa mpigo katika mkojo kwa njia hii.

Kazi huanza kwa konokono. Ile mizigo iliyofungashwa na ini lazima ifunguliwe kwanza, na vimeng'enya vinavyoifungua hutolewa katika utumbo wa Helix pomatia, konokono yuleyule anayeliwa na Wafaransa. Lakini kabla hata ya kuifungua, mtaalamu hutia katika sampuli estrojeni zenye hidrojeni nzito, kwa kiasi anachokijua. Ni kama mfugaji anayechanganya mbuzi kumi waliopakwa rangi katika kundi: jioni wakirudi wanane, anajua kwamba hata katika wale wasio na rangi, takriban mmoja kati ya watano kapotea njiani. Kisha sampuli hupitishwa katika bomba jembamba la kromatografia ili kila metaboliti itoke kwa wakati wake. Hatua hii haikwepeki, kwani 2-haidroksiestroni na 4-haidroksiestroni zina uzito uleule, na mzani peke yake hauwezi kuzitofautisha.

Utakutana na matangazo ya kipimo cha uwiano wa "2 kwa 16", yaani namba za mahali molekuli ya estrojeni ilipobadilishwa, yakidai kutabiri saratani ya matiti. Wazo lilikuwa kwamba metaboliti za njia ya 2 ni salama na za njia ya 16 ni za hatari. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Kama daktari wako hana swali mahususi analotaka kulijibu kwa namba hiyo, mimi nisingetoa pesa yangu.

Ukiombwa mkojo wa saa 24, mkojo wa kwanza wa asubuhi mwaga chooni, andika saa. Kuanzia hapo kusanya wote, usiku na mchana, mpaka ule wa kwanza wa kesho yake saa ileile, nao utie. Dumu likae mahali pa baridi. Ukikuta maabara imetia unga au kimiminika ndani yake, usikimwage: huenda ni vitamini C, maana baadhi ya metaboliti huharibika upesi zikikutana na hewa. Ukiombwa mkojo wa mara moja tu, maabara itapima pia kreatinini, ili maji mengi uliyokunywa yasiifanye homoni ionekane haba. Andika tarehe hedhi yako ya mwisho ilipoanza, maana estradioli ya siku ya 3 na ya siku ya 13 hazisomwi kwa kipimo kimoja. Na ukisahau ukajisaidia chooni hata mara moja, waambie, upewe dumu jingine uanze upya.