Kugawa dakika sawa si uadilifu

Ndugu msomaji, tunapokaa mbele ya televisheni baada ya Ishaa tukaona watu wawili wanabishana, mmoja akisema binadamu ndiye anayeongeza joto la dunia na mwingine akikanusha, tunaondoka na fikra gani? Tunasema: wataalamu wenyewe hawajaafikiana, basi tusubiri. Je, fikra hiyo ni sahihi?

Tuangalie mfano wa Marekani. Mtafiti Maxwell Boykoff, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, alichambua habari za televisheni za nchi hiyo za mwaka 1995 hadi 2004. Aligundua kuwa asilimia 70 ya habari hizo zilizipa uzito sawa hoja mbili: kwamba chanzo ni binadamu, na kwamba ni maumbile tu. Ilhali tangu mwaka 1995 jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilikwishasema kuwa athari ya binadamu inaonekana. Mwaka 2021 likasema jambo hilo halina shaka.

Hapo dakika ziligawanywa sawa, lakini mtazamaji akabebeshwa shaka kubwa kuliko waliyokuwa nayo wanasayansi.

Waislamu tunayo mizani. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wanachuoni wa Hadithi nao hawakuwapa wapokezi wote uzito mmoja. Walimpima kila mmoja kwa ukweli wake na hifadhi yake. Na katika Fiqh, ushahidi wa mwenye maslahi katika kesi hutiliwa shaka. Baadhi ya taasisi za Marekani zilizoipinga sayansi hii zilipokea fedha za kampuni za mafuta, ikiwemo ExxonMobil. Ni watazamaji wangapi waliambiwa hivyo?

Mtu atauliza: sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwani anayeamini kuwa jambo bado lina ubishi hapandi mti, hazibui mtaro, wala hamhoji kiongozi wake. Sisi tulioyaona mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 tunajua anayetangulia kuumia ni mnyonge wa mabondeni.

Basi kila tunapowasha televisheni tuulize mambo matatu: Nani anazungumza? Ana elimu gani ya jambo hilo? Ana maslahi gani? Tuwafundishe na watoto wetu maswali hayo, maana nao wanatazama.

Wallahu a'lam.