Chrome inaganda, nihamie wapi?

SWALI: Nina saiba hapa Malindi. Kompyuta zina Windows 10 na RAM ya GB 4. Wateja wakifungua eCitizen na iTax kwenye Chrome, mashine inaganda. Nifanyeje?

JIBU: Jaribu Edge, ambayo tayari imo humo. Injini yake ni Chromium, ile ile ya Chrome, kwa hiyo tovuti hizo hazitakusumbua. Tena hulaza vichupo visivyotumika ili memori ipumue. Firefox iweke ya akiba. Chrome nayo ina kiokoa memori, ila wengi hawakigusi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nywila za wateja. Ingia kwenye mipangilio ya Edge, zima uhifadhi wa nywila, kisha iamuru ifute historia na vidakuzi kila inapofungwa. Na kama una mashine ya Windows 7, Chrome iliisusa tangu 2023.