Mchoraji wa kwanza wa mtoto wako awe Matisse

Mdogo wangu uliyeuliza kama mtoto wa miaka 6 anaweza kuanza kufahamishwa wachoraji wakubwa, na aanze na yupi: anaweza, na aanze na Henri Matisse. Najua shoga zako watakuambia van Gogh, maana nyota zake zimeshafika hadi kwenye vikombe na mifuko ya sokoni. Lakini jaribu kumsimulia mtoto habari za van Gogh. Hujamaliza hata alizeti, mmeshafika kwenye sikio, na likishakatwa sikio hakuna tena anayetaka kusikia habari za rangi.

Maisha ya Matisse mtoto anayafuata bila shida. Alizaliwa mwaka 1869 kaskazini mwa Ufaransa, akakulia Bohain, mji wa wafumaji vitambaa wenye baridi na mawingu. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na mbegu, mama akipamba vyombo vya kaure kwa rangi. Kijana akasomea sheria, akawa karani kwenye ofisi ya wakili, uchoraji hana habari nao. Alipofika miaka 20 hivi akaugua kidole tumbo, akalazwa muda mrefu. Mtu mzima yuko kitandani amechoka kutazama dari, mama yake akamletea kisanduku cha rangi ajipotezee muda. Haukupita muda mrefu sheria akaiacha.

Vitabu vya picha juu yake viko vingi kwa Kiingereza. Nikichagua viwili, cha kwanza ni The Iridescence of Birds cha Patricia MacLachlan, michoro ya Hadley Hooper, kilichotoka mwaka 2014. Kinashughulika na utoto wake: mji wa kijivu, na nyumba ambayo mama aliijaza rangi kwa makusudi. Cha pili ni Henri's Scissors cha Jeanette Winter, cha mwaka 2013, kinachompeleka hadi uzeeni, alipoacha brashi akashika mkasi. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, chukua cha mkasi. Nitakuambia kwa nini.

Ila kwanza namna ya kukisoma. Usikae unatafsiri mstari kwa mstari huku mtoto anasubiri. Kisome mwenyewe usiku, maneno yake ni machache, kesho yake kaeni mkekani umhadithie kwa Kiswahili chako, ukurasa kwa ukurasa, kama unavyomhadithia habari za Sungura. Na maswali ya mtihani tuyaache, jamani. Tuna ugonjwa huo sisi, mtoto hajafunga kitabu tumeshamuuliza alizaliwa lini, alifia wapi. Atakachokumbuka ni chake.

Jambo ambalo wazazi wengi hulipita ni kwamba michoro ya ndani ya vitabu hivi si ya Matisse, ni ya waliotengeneza kitabu. Ni mizuri, lakini ukiishia hapo mtoto atakuwa amemjua Jeanette Winter. Kwa hiyo siku hiyo hiyo mwonyeshe kazi moja halisi, moja tu. Mimi ningechagua Konokono, ya mwaka 1953, inayomilikiwa na jumba la sanaa la Tate, London. Ni vipande vikubwa vya karatasi za rangi vilivyopangwa kwa kuzunguka, na kila upande wa picha unakaribia mita 2.9. Kwenye simu yako hiyo itaonekana kama stempu. Basi chukua futi ya fundi cherehani, ile ya sentimita 150, pima ukutani mara mbili kasoro kidogo, weka alama kwa chaki, kisha mwambie mtoto asimame pale. Hapo ndipo atakaposhtuka. Atakuuliza konokono mwenyewe yuko wapi. Mwache amtafute kwenye mzunguko wa vipande. Akishampata, mpe kazi nyingine: juu kushoto kuna kipande cha zambarau iliyofifia, na ukingo wake umekatwa umbo la konokono mdogo sana. Watu wazima wanapita hapo bila kumwona.

Sasa mkasi. Mwaka 1941 Matisse alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo kwa sababu ya saratani, na tangu hapo kusimama kwa muda mrefu ikawa shida. Akawa anafanya kazi kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, zikakauka, naye akakata. Hakuchora kwanza kwa penseli. Mkasi uliingia moja kwa moja kwenye rangi. Kisha vipande vikabanwa ukutani kwa pini, yeye anaelekeza: sogeza juu, geuza, rudisha. Gundi ilikuja mwisho kabisa.

Ukiyajua hayo, mchezo wa nyumbani unajipanga. Pakeni rangi karatasi za manila, au chukueni kalenda za zamani zenye rangi kali. Mpe mkasi wa watoto, ficha penseli. Na gundi ifiche pia, angalau siku ya kwanza! Walimu wengi huanza na gundi, kipande kikishaganda mtoto hana tena cha kufikiria. Vitandaze sakafuni, avisogeze mpaka aridhike, na akivivuruga kesho yake, sawa.

Ule ukurasa wa ugonjwa usiuruke. Watoto wetu wana bibi na babu wanaoumwa, si wageni wa kitanda. Na hadithi yenyewe haimwachi mtoto na huzuni. Kiangazi cha mwaka 1952, Matisse alitaka kwenda kuwatazama wapiga mbizi kwenye bwawa huko Cannes. Jua likamshinda, akarudi nyumbani Nice, akaamua kujitengenezea bwawa lake. Ukuta wa chumba cha kulia ukazungushiwa karatasi nyeupe, juu yake waogeleaji wa buluu waliokatwa kwa mkasi. Alikuwa na miaka 82. Mtoto wa miaka 6 ataona ni jambo la kawaida kabisa, na ndivyo linavyopaswa kuonekana.

Kuna mtakaosema, dada, mbona Mzungu, wa kwetu je? Wa kwetu wapo na zamu yao inakuja. Lakini jueni pia kwamba Matisse alikusanya vitambaa vya Wakuba wa Kongo, vile vya nyuzi za mwale vyenye mistari inayovunjika-vunjika, akavitundika ukutani kwenye chumba chake cha kazi. Weka picha ya kitambaa cha Kikuba kando ya kazi zake za mkasi, usiseme kitu, mtoto atakuonyesha mwenyewe kwa kidole.

Tahadhari moja ya dada: usimpe simu atafute peke yake. Matisse alichora wanawake walio uchi tangu ujana hadi uzee, na wale wa buluu wa mwaka 1952 ndio wanaotangulia kutokea. Si dhambi, lakini ni afadhali uamue wewe lini. Ikitokea ameshaona, jibu kwa sauti ya kawaida kwamba wachoraji husoma mwili wa mtu kama daktari anavyousoma, kisha endeleeni na konokono wenu. Ukipiga kelele ndipo atakapokwenda kutafuta zaidi.

Bei najua inauma, vitabu hivi vikiagizwa nje nauli inaweza kuzidi kitabu. Changeni, akina mama watatu wanne wa mtaa mmoja, kizunguke. Na mtoto akikikataa, usimlazimishe wala usikitoe kwa mtu bado. Kiweke mkono wake unapofika, mkasi uwe karibu, umjaribu tena baada ya likizo.