Kabla ya Kusoma Makala: Somo kwa Wawezeshaji wa Kisomo

Robo hii tunajifunza juu ya zile dakika 10 ambazo wengi wetu huziruka: dakika za kabla ya kusoma.

Katika darasa moja la wafugaji wa Kimaasai, ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, tuligawa makala kuhusu ndigana kali na kuwaomba wasome kwa sauti. Walisoma hadi mwisho bila kukwama. Tulipouliza ugonjwa huo huletwa na nini, kimya. Kosa lilikuwa letu. Filipo alipomkuta towashi Mkushi akisoma garini (Matendo 8), alianza kwa kumwuliza kama anaelewa. Sisi tulianza kwa kugawa karatasi.

Wiki iliyofuata tulionyesha kichwa cha habari na picha tu: sikio la ng'ombe lililojaa kupe. Tukauliza, "Mnadhani makala hii inasema nini?" Kumbe walijua kuliko sisi! Ugonjwa wenyewe wanauita oltikana. Wakataja homa, tezi zinazovimba chini ya sikio, na ng'ombe kuhema kwa shida. Waacheni waseme kwa Kimaasai, mwenzao atafsiri, nanyi mwandike ubaoni. Makisio yasiyo sahihi msiyafute. Makala yenyewe itayasahihisha.

Kisha chagueni maneno machache ambayo bila hayo makala haieleweki. Sisi tulichukua manne: kupe, tezi, kuogesha, chanjo. Mkifundisha 20 wanachoka kabla ya kuanza. Ila neno "kali" tulilisimamia sana, maana ndigana baridi ni ugonjwa mwingine na tiba yake ni tofauti. Msomaji akiyachanganya hayo mawili, anaweza kununua dawa isiyofaa na ng'ombe akafa.

Baada ya hapo wapitie vichwa vidogo na sentensi ya kwanza ya kila aya, halafu kila mmoja atoe swali ambalo angependa makala imjibu. Liandikeni kama alivyolisema. Mzee mmoja aliuliza kwa nini ndama wa kuchanjwa hudungwa sindano mbili.

Ndipo wakasoma, safari hii kimya kimya. Mzee yule alikuwa wa kwanza kuinua mkono, kidole kikiwa bado kwenye mstari: sindano moja ina vimelea hai vya ugonjwa, na ya pili ni dawa ya kuvizuia visimzidi nguvu ndama.