RISASI KATIKA DAMU: UCHAMBUZI WA MWANGA NA WAJIBU WA ISTILAHI ZA KISWAHILI

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mwanga unavyotumiwa kutambua vitu visivyoonekana kwa macho, kuanzia metali zilizomo udongoni hadi molekuli za damu. Mfano mkuu umetolewa Dandora, mojawapo ya mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2007 uliwapata watoto wengi wakiwa na metali ya risasi katika damu. Hoja inayotetewa ni kwamba matokeo ya maabara hayakamiliki mpaka yamfikie mhusika kwa lugha anayoielewa, na kwamba Kiswahili kinaiweza kazi hiyo endapo istilahi zake zitateuliwa kwa makini.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa maana ya neno "risasi", aghalabu atataja kwanza kile kinachofyatuliwa kutoka katika mtutu wa bunduki. Kamusi itamkumbusha maana nyingine: metali nzito na laini, ya rangi ya kijivu, inayoyeyuka kwa urahisi. Maana hii ya metali ndiyo iliyotangulia. Neno lenye asili ya Kiarabu lilipanuka likataja pia kitu cha bunduki kwa sababu kilisubuliwa kwa metali hiyo. Leo maana iliyozaliwa baadaye imeifunika ile ya awali.

Kwa mwanaisimu, hili ni suala la upanuzi wa maana na polisemia. Kwa mzazi anayeishi Dandora, ni suala la uhai wa mtoto. Tuseme mzazi ameitwa zahanati akaambiwa, "Mtoto wako ana risasi mwilini." Katika mtaa ambao wazazi wamewazika vijana waliouawa kwa bunduki, sentensi hiyo itamtia hofu ya jambo ambalo halijatokea na kumficha jambo ambalo limetokea. Ili kuona uzito wa kosa hilo la lugha, ni muhimu kwanza kufahamu jinsi wanasayansi wanavyoiona risasi iliyofichika katika tone la damu.

2.0 Mwanga kama shahidi

Isaac Newton alipopitisha mwali wa jua katika mche wa kioo katika miaka ya 1660, mwanga mweupe ulichambuka ukawa rangi za upinde wa mvua. Mfululizo huo wa rangi huitwa spektra. Mwaka wa 1814, Joseph Fraunhofer wa Ujerumani aliichunguza spektra ya jua akakuta imekatwa na mistari mingi myeusi. Maana ya mistari hiyo ilidhihirika kuanzia mwaka wa 1859, pale Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walipoonyesha kwamba kila elementi ina mistari yake isiyofanana na ya elementi nyingine. Kwa njia hiyo waligundua elementi ambazo hazikuwa zimejulikana. Mojawapo, sizi, ilipewa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya rangi ya samawati, kwa sababu mistari yake ilikuwa ya rangi hiyo. Basi hata katika lugha za Ulaya, istilahi ilizaliwa kutokana na kile macho yalichokiona.

Taaluma ya kusoma mistari hiyo huitwa spektroskopia. Msingi wake ni mienendo mitatu. Atomu au molekuli inaweza kufyonza mwanga wa urefu fulani wa wimbi. Inaweza kutoa mwanga. Na inaweza kuutawanya mwanga unaoipiga. Katika kila hali, mwanga hubeba habari za kitu ulichokutana nacho.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa bila maabara. Kisahani cha sidii kina njia nyembamba zinazoachana kwa takriban nanomita 1,600, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja kati ya sehemu bilioni moja za mita. Kikielekezwa kwenye mwanga wa mchana wa dirishani, kisahani huonyesha rangi zinazofuatana bila kukatika. Kikielekezwa kwenye taa ya mrija, rangi hukatika na kuwa michirizi iliyoachana. Mchirizi wa buluu iliyokolea hutolewa na mvuke wa zebaki uliomo ndani ya mrija huo. Mwanafunzi wa Umoja au Kayole anayefanya zoezi hili ameiona zebaki kwa macho yake, na pia amepata sababu ya kutoivunja taa ya aina hiyo kiholela inapoungua.

3.0 Dandora: kinachosomwa katika udongo na damu

Mtaa wa Dandora ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, ili kuwapatia makao watu wa kipato cha chini. Jaa la taka lililo karibu nao limepokea taka za jiji tangu muongo huohuo. Betri kuukuu, vifaa vya elektroniki, makopo ya rangi, plastiki na taka za hospitali hurundikwa pamoja, na mara nyingi huchomwa. Moshi na vumbi havibaki Dandora pekee bali hufika Korogocho, Kariobangi na Baba Dogo.

Mwaka wa 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Njoroge Kimani. Watoto 328 wenye umri wa kati ya miaka 2 na 18 walichunguzwa. Takriban nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kuzidi mikrogramu 10 kwa desilita. Aidha, asilimia 42 ya sampuli za udongo zilikuwa na risasi inayokaribia mara kumi ya ile inayotarajiwa katika udongo usiochafuliwa.

Je, kiasi kidogo namna hiyo hupimwaje? Njia mojawapo inayotumika sana ni spektroskopia ya ufyonzaji wa atomu, ambayo Alan Walsh wa Australia aliiasisi katika miaka ya 1950. Sampuli huyeyushwa kwa asidi, kisha hupashwa joto kali mpaka atomu zake zitengane. Taa iliyotengenezwa kwa risasi yenyewe humulika mvuke huo. Kwa kuwa taa hiyo hutoa mwanga wa urefu wa wimbi ambao atomu za risasi hufyonza, mathalani nanomita 283.3 katika eneo la urujuanimno, atomu za risasi zilizomo katika sampuli huufyonza na nyingine huuacha upite. Kadiri mwanga unavyopungua ndivyo risasi inavyokuwa nyingi. Kwa ufupi, risasi hutafutwa kwa nuru ya risasi.

Kipimo hiki kina umuhimu kwa sababu risasi mwilini haina harufu na huweza kudhuru kabla dalili yoyote haijaonekana. Hudhuru ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na huchangia upungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Nchini Marekani, kiwango cha kuwatambua watoto wanaohitaji kufuatiliwa kilikuwa mikrogramu 10 tangu mwaka wa 1991, kikashushwa hadi 5 mwaka wa 2012 na 3.5 mwaka wa 2021. Kwa hiyo miongoni mwa watoto waliohesabiwa kuwa chini ya mpaka mwaka wa 2007, huenda wamo ambao leo wasingehesabiwa hivyo.

4.0 Damu, leza na metali ya fedha

Metali hutambuliwa kwa atomu zake. Molekuli za mwili zinahitaji njia nyingine. Mwaka wa 1928, C. V. Raman wa India aligundua kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga unaotawanywa na molekuli hubadilika urefu wa wimbi. Mabadiliko hayo hutokana na namna molekuli inavyotetema, na kila aina ya molekuli ina mtetemo wake. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1930. Tatizo ni kwamba mwanga huo uliobadilika ni hafifu mno. Katika miaka ya 1970 ilibainika kwamba molekuli ikigusana na uso wa fedha wenye mikwaruzo na chembe za kiwango cha nano, ishara yake huongezeka maradufu nyingi.

Utafiti wa aina hii unafanywa Nairobi kwenyewe. Mwaka wa 2017, Z. Birech wa Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la PLOS ONE uchunguzi wa kisukari cha aina ya pili. Walipaka vipande vya kioo rojo ya fedha inayopitisha umeme, wakadondoshea juu yake damu ya panya wa maabara, kisha wakaimulika kwa leza. Katika spektra zilizopatikana walitambua alama za glukosi na za asidi amino mbili, lusini na isolusini, wakazipendekeza kuwa viashiria vya ugonjwa. Vilevile walilinganisha dawa ya kiwandani, pioglitazoni, na dondoo la mmea wa kienyeji uitwao kitaalamu Momordica spinosa. Alama hizo zilififia katika damu ya panya waliotibiwa. Hapa mwanga umetumiwa kuipima dawa ya mitishamba kwa mizani ileile ya dawa ya dukani.

5.0 Kinyonga na fuwele za fotoni

Si kila rangi hutokana na kufyonzwa kwa mwanga. Mafuta yaliyomwagika juu ya maji katika karakana za jua kali za Kariobangi hung'aa rangi nyingi, ingawa mafuta yenyewe hayana rangi hizo. Mwanga unaoakisiwa na uso wa juu wa utando hukutana na ule unaoakisiwa na uso wa chini. Baadhi ya mawimbi huimarishana na mengine huuana, kutegemea unene wa utando.

Mpangilio kama huo ukirudiwa mara nyingi kwa vipimo vinavyokaribiana na urefu wa wimbi la mwanga, huitwa fuwele za fotoni. Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba kinyonga mmoja wa Madagaska anazo katika ngozi. Seli zake zina fuwele ndogo za guanini, mojawapo ya molekuli zinazojenga DNA. Kinyonga akitulia, fuwele hukaribiana na kuakisi buluu, ambayo ikichanganyika na umanjano wa ngozi huonekana kijani. Akichachawa, fuwele huachana na ngozi ikaelekea manjano na nyekundu. Fasihi ya Kiswahili imemtumia kinyonga kwa muda mrefu kuwa ishara ya mtu asiye na msimamo, kumbe mabadiliko yake yana kanuni thabiti inayopimika kwa nanomita.

6.0 Istilahi: palipo na nguvu na palipo na hatari

Maelezo yaliyotangulia yametumia njia tatu za kuunda istilahi. Ya kwanza ni utohozi: spektra, fotoni, leza, molekuli. Ya pili ni uambatanishaji: urefu wa wimbi, fuwele za fotoni. Ya tatu ni kupanua maana ya maneno yaliyopo: kufyonza, kutoa, kutawanya. Kazi hii haikuanza leo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990.

Hata hivyo, upanuzi wa maana una mitego. Kitenzi "kutawanya" kinaweza kutumiwa kwa kile mche unachokifanya na pia kwa kile molekuli inachokifanya katika ugunduzi wa Raman, ilhali ni matukio mawili tofauti. Inafaa tukio la kwanza liitwe kuchambua. Anayechambua pamba au mchele hutenga kilichochanganyika, na ndivyo mche unavyoutenga mwanga. Tena kitenzi hicho tayari kina maana ya kuchunguza kwa kina, nayo ndiyo shabaha ya spektroskopia. "Kutawanya" kibaki kwa molekuli.

Mtego mkubwa zaidi uko katika majina ya metali. "Fedha" humpeleka msikilizaji kwenye pesa, na "risasi" humpeleka kwenye bunduki. Kuna wanaoweza kupendekeza utohozi wa "ledi". Neno hilo huondoa utata mmoja na kuleta mwingine, kwa kuwa linafanana kimatamshi na jina la taa za LED zilizoenea madukani. Isitoshe, halimwambii mzazi chochote. Njia bora ni kulitunza neno la asili na kulitanguliza kwa neno la kundi lake: "metali ya risasi" katika maandishi ya kitaaluma, "madini ya risasi" katika mazungumzo ya mtaani, na kuongeza mfano unaofahamika. Fundi wa betri wa Eastlands anaijua metali hiyo kwa mikono yake, kwani ndiyo iliyomo katika sahani za betri ya gari. Maarifa hayo yako mtaani. Istilahi inapaswa kuyaegemea.

7.0 Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi katika kifungu cha 7, na katika kifungu cha 35 inampa raia haki ya kupata habari. Haki hizo mbili hukutana mlangoni mwa zahanati. Ripoti ya mwaka wa 2007 ilichapishwa kwa Kiingereza, lakini damu iliyopimwa ilikuwa ya watoto wa mitaa ambayo mazungumzo yake ya kila siku ni Kiswahili na Sheng. Mwanafizikia huufanya mwanga useme. Ni wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili kuhakikisha kwamba usemi huo unasikika bila kupotoshwa.

Sentensi iliyotajwa mwanzoni, basi, inaweza kuandikwa upya hivi: "Mama, damu ya mtoto wako ina madini ya risasi, yale yaliyomo katika betri za magari. Hayanuki, na yanaweza kumdhuru bila yeye kuhisi maumivu, kwani huharibu ubongo unaokua. Mnawishe mikono kila kabla ya kula, asichezee vumbi la jaa, na betri zisichomwe wala kuvunjwa karibu na nyumba. Mlete tena tumpime." Hakuna neno moja ndani yake ambalo mzazi wa Dandora atahitaji kufasiriwa.