Nomino, Kitenzi na Wakati: Kumfunza Mwanahabari Kuripoti Migogoro kwa Kina

Ikisiri
Makala haya yanajadili namna mwanahabari anavyoweza kufunzwa kuripoti migogoro ya Afrika Mashariki kwa kina. Tunashikilia kuwa mafunzo hayo hayakamiliki bila somo la Kiswahili chenyewe, kwa kuwa kina cha habari huanzia katika uteuzi wa nomino, katika kauli ya kitenzi na katika wakati ambapo msimulizi ameamua kuanzia kisa chake. Mifano imetolewa Nyeri, Laikipia na Rwanda.

1. Utangulizi
Giakanja ni kituo cha biashara katika eneo la Tetu, karibu na mji wa Nyeri. Mkazi wa hapo anaposikia redioni kuwa "machafuko yamezuka tena Laikipia", huacha alilokuwa akilifanya. Huenda ana ndugu huko, kwani baada ya uhuru familia kadhaa za Nyeri zilinunua vipande vya ardhi katika nyanda hizo. Idadi ya waliokufa haimtoshi. Anataka kujua kama amshauri nduguye ahame au akae. Habari isiyo na kina humwachia jambo moja tu, nalo ni kabila la kulaumu. Hapo ndipo ulipo uzito wa mada hii.

2. Nomino: nani anaitwaje?
Tetu, alikozaliwa Dedan Kimathi, inalijua somo hili. Baada ya kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaita wapiganaji wa msituni magaidi. Wao walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Jina la kwanza lilitaja kitendo na kuficha sababu. La pili liliitaja sababu waziwazi. Mwanahabari aliyelishika la kwanza pekee hakuwa na haja ya kuuliza habari za ardhi. Vivyo hivyo, aliyelishika la pili pekee asingeuliza habari za wanakijiji waliouawa Lari mwaka 1953. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228. Urekebishaji wa neno moja ulichukua nusu karne.

Hatari ni kubwa zaidi pale nomino inapomtoa mtu katika utu. Katika Bonde la Ufa, neno "madoadoa" lilitumiwa kuwarejelea watu walioonekana kuwa wageni. Tazama upatanisho wake wa kisarufi: madoadoa *ya*naondolewa, ilhali majirani *wa*naondolewa. Kiambishi cha watu kimetoweka, na doa, kama tujuavyo, ni la kufutwa. Nchini Rwanda, redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura.

3. Kitenzi: nani alitenda?
Zingatia tungo hizi za mfano:
(a) Nyumba ziliungua.
(b) Nyumba zilichomwa.
(c) Nyumba zilichomwa na watu ambao mashahidi wawili wanasema waliwatambua.

Katika (a), moto umekuwa kama tukio la kimaumbile. Katika (b), kauli ya kutendwa inakiri kuwa mtenda yupo, lakini inamficha. Ni (c) pekee inayoonyesha kuwa mwanahabari alitoka ofisini. Hatusemi kuwa (b) ni kosa. Mtenda asipojulikana, mwandishi aitumie, kisha aongeze kuwa bado hajathibitishwa. Kosa ni kuijaza nafasi hiyo kwa jina la jamii nzima. Kitenzi "kuzuka" nacho kitumiwe kwa tahadhari: upepo huzuka, lakini vita hupangwa, hugharimiwa na hunufaisha baadhi ya watu.

4. Wakati: kisa kinaanzia wapi?
Septemba 2021, nyumba ziliteketezwa Ol Moran, Laikipia Magharibi, na familia zikahama. Habari iliyoanzia siku ya moto ilikuwa na wahusika wawili tu: mfugaji aliyevamia na mkulima aliyevamiwa. Ikianzia katika ukame wa mwaka huo, tunaanza kuona malisho yaliyokauka. Ikirudi hadi mikataba ya 1904 na 1911, iliyowahamishia Wamaasai Laikipia na kisha kuwaondoa humo ili kuwapisha walowezi, tunawaona pia wenye mashamba makubwa, ambao habari ya kwanza haikuwataja.

Historia haimwondolei hatia aliyechoma nyumba ya jirani. Humsaidia msikilizaji kutambua kuwa mgogoro una mizizi inayoweza kushughulikiwa, na kwamba hautokani na damu ya kabila fulani.

5. Mapendekezo
Kwanza, idara za Kiswahili na za uanahabari zifundishe kozi hii kwa pamoja. Pili, mwanafunzi apelekwe nyanjani na alale pande zote mbili za mgogoro kabla ya kuandika. Tatu, kila chumba cha habari kiwe na orodha ya istilahi za migogoro inayopitiwa mara kwa mara, kwa kuwa maneno ya chuki hubadilika.

Mhariri atalalamika kuwa nafasi haitoshi. Sentensi hii ina maneno kumi na moja: "Ardhi hii ilichukuliwa kutoka kwa Wamaasai, na tangu hapo haijakosa kugombaniwa." Hakuna ukurasa usioweza kuibeba.

6. Hitimisho
Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwanahabari akijikwaa ulimi, anayeumia ni msikilizaji aliyemwamini, pamoja na jirani wa msikilizaji huyo. Kwa hivyo sisi tunaosoma nomino, vitenzi na njeo tuna wajibu katika amani ya eneo hili, na tusiwaachie wanasiasa na wanajeshi peke yao.

Zoezi
Chagua habari moja ya mgogoro kutoka gazeti la Kiswahili. Pigia mstari kila nomino inayorejelea kundi la watu na kila kitenzi kisicho na mtenda. Kisha iandike upya ukianzia miaka kumi kabla ya tukio. Ni nani ameingia katika kisa ambaye hakuwamo?